Difu za magari madogo ya rimoti: namba ya mafuta ije mwisho

#1 Pinyoni

Wakuu, habari za humu.

Swali la "niweke mafuta namba ngapi kwenye difu" (namba inaonyesha uzito wa mafuta) linarudi kila mara, na majibu huwa yaleyale: mmoja anasema weka elfu tatu, mwingine elfu saba, wa tatu anakuja na laki moja. Sijawahi kuona mtu akimuuliza mwenye gari difu yenyewe ikoje. Inavuja? Ilifunguliwa lini? Ukizungusha gurudumu kwa mkono unasikia nini? Msimamo wangu, na nitautetea hapa, ni kwamba namba ya mafuta ndiyo jambo la mwisho kuguswa. Magari mengi yanayolalamikiwa kuwa "mafuta yamekataa" yana difu mbovu au iliyofungwa vibaya, na hapo hata ukibadilisha mafuta asubuhi na jioni hakuna kitakachobadilika.

Kwanza kazi ya difu, kwa wale wapya. Chukua bagi, gari la njia ya udongo, ya 1/10 (moja ya kumi ya ukubwa wa gari halisi) ambayo kutoka katikati ya tairi la kulia hadi la kushoto ni kama sentimita 21. Likikata kona yenye nusu kipenyo cha mita 1, gurudumu la nje linapita kwenye duara la mita 1.105 na la ndani mita 0.895. Maana yake la nje linatakiwa kuzunguka karibu asilimia 23 zaidi ya mwenzake, kwa muda uleule. Ukiyafunga yote mawili kwenye ekseli moja ngumu, lazima mojawapo liburuzwe. Difu inayaruhusu yatofautiane, lakini kwa sharti moja lisilovunjika: ukijumlisha mizunguko ya magurudumu mawili utapata mara mbili ya mizunguko ya krauni (gia kubwa inayoizungusha difu), siku zote. Kwa hiyo gurudumu moja likisimama kabisa, la pili linazunguka mara mbili ya krauni. Ndiyo sababu gari likiinua tairi moja hewani, tairi hilo linapiga kelele na lililoko chini linalala.

Mafuta ya silikoni yanaingia hapo. Gia za ndani zinapozungukiana zinayakata mafuta, na mafuta yanazikatalia. Kadiri yalivyo mazito ndivyo magurudumu yanavyopata shida kutofautiana mwendo. Magurudumu yakienda sawa, kwenye mstari ulionyooka, mafuta hayafanyi kazi yoyote.

Mpangilio huu si wa jana. Mtengeneza saa Mfaransa, Onésiphore Pecqueur, aliubuni kwa ajili ya gari la mvuke miaka ya 1820, na ukifungua difu ya bagi leo unakuta gia zimepangwa vilevile.

Kupima kabla ya kufungua. Inua gari. Shika gia kuu, ile inayozungushwa na mota, isizunguke (kama gari lina difu ya kati, ile inayogawa mzunguko kati ya mbele na nyuma, shika shafti inayokwenda kwenye difu unayoipima). Zungusha gurudumu moja polepole kwa mkono. La upande wa pili lazima lirudi nyuma kwa mwendo uleule. Sasa sikiliza vidole:

Likizunguka laini na kwa uzito ulio sawa mzunguko mzima, difu ni nzima. Likizunguka bila uzito wowote, mafuta yameondoka. Ukisikia mikwaruzo kama ya mchanga, kuna uchafu au jino limekatika. Na likiwa zito sehemu moja tu ya mzunguko, gia ya ndani au shafti yake imepinda au haikukaa vizuri.

Angalia pia pale shafti inapotoka kwenye difu. Vumbi likiwa limelowa na kushikana, hiyo ndiyo oringi (pete ya mpira inayozuia mafuta yasivuje) inaomba kustaafu.

Kufungua na kujaza naleta kwenye post inayofuata, tusichoshane.

#2 Vumbi Jekundu

Siti ya mbele nimekaa. Mkuu endelea.

#3 Pinyoni

Tuendelee. Hii ni difu ya gia iliyofungwa, ile yenye kasha, krauni, gia mbili za pembeni na gia ndogo za msalaba (nne kwa kawaida, mbili kwenye difu za bei rahisi).

Toa skrubu, tenganisha krauni na kasha, mwaga mafuta ya zamani kwenye kitu cheupe. Usiyatupe kabla ya kuyatazama. Yakiwa ya kijivu yanayong'aa kidogo, huo ni unga wa chuma wa kawaida wa gia mpya zinazozoeana. Ukiona vipande unavyoweza kuvishika kwa kucha, anza kuhesabu meno.

Kusafisha kuna ujanja wake. Spiriti haiyeyushi mafuta ya silikoni vizuri, utasugua mpaka uchoke na bado gia zitateleza. Mafuta ya taa yanayeyusha. Lakini mafuta ya taa yanavimbisha mpira, kwa hiyo oringi na gasketi zitoke kwanza. Baada ya hapo maji ya uvuguvugu na sabuni, kisha ukaushe hadi ndani ya matundu.

Vitu vya kukagua, na hapa ndipo watu wanapopita bila kutazama: pini za msalaba. Watu wanaangalia meno ya gia na kusahau kipini ambacho gia inazungukia. Kikiwa na mfereji, gia inacheza, meno hayakutani katikati, na yataisha mapema hata yakiwa mapya. Angalia pia washa nyembamba zilizo nyuma ya gia za pembeni, na vikombe vinavyopokea shafti. Kikombe chenye makovu ya kina kwenye mpasuo kinaibana shafti wakati gari linashuka na kupanda, na dereva anadhani ni shokapu.

Oringi mpya kila unapofungua kwa ukamilifu. Ni kitu kidogo mno kukibania. Ipake grisi ya silikoni kabla ya kuiweka, na sukuma kikombe kwa kuzungusha, usikigonge kikapasua mpira.

Sasa kujaza. Weka mafuta kidogo chini ya gia ya pembeni ya kwanza, panga msalaba, kisha mimina mpaka mafuta yafunike pini za msalaba na gia zake zianze kuzama. Acha nafasi kidogo chini ya ukingo. Usijaze pomoni! Mafuta ya silikoni yanatanuka kwa karibu asilimia 0.1 kwa kila nyuzi moja ya joto. Difu iliyojazwa ikiwa na nyuzi 25 ikafika 65, mafuta yameongezeka karibu asilimia 4, na kama hakuna nafasi ya hewa yanatafuta njia kupitia oringi. Watu wengi wanabadilisha oringi mara tatu bila kujua kwamba wao wenyewe ndio wanaozisukuma nje.

Zungusha gia taratibu kwa mkono ili hewa iliyokwama ipande. Mafuta ya elfu tatu yanatulia baada ya dakika chache. Ya laki moja yaache usiku mzima, huku umeyafunika yasipate vumbi. Ukiona yameshuka, ongeza.

Mwenye mizani ndogo ya gramu apime difu tupu na difu iliyojazwa, aandike. Safari ijayo utajaza uzito uleule, na utajua kama mabadiliko uliyoyasikia yametokana na mafuta au na kipimo.

Skrubu zinazoingia kwenye plastiki: kabla ya kukaza, rudisha nyuma kidogo mpaka usikie kiskrubu kimeangukia kwenye njia yake ya zamani. Ukilazimisha njia mpya, kasha hilo baada ya kufunguliwa mara chache halikazi tena. Kaza kwa kupishana, msalaba, si kwa kuzunguka.

#4 Kijana wa Bagi

Shukrani mkuu. Swali la kishamba: hizo shimu zinazokuja kwenye pakiti na difu mpya ni za nini? Mwongozo wa gari langu unaonyesha mbili lakini kwenye pakiti zimo sita.

#5 Pinyoni

Si la kishamba hata kidogo, hilo ndilo linaloua krauni nyingi.

Shimu ni washa nyembamba za kurekebisha nafasi, na zipo za aina mbili. Za ndani zinakaa nyuma ya gia za pembeni, zinaondoa mchezo kati yao na gia za msalaba. Za nje zinakaa kati ya kasha na beringi, na ndizo zinazoamua krauni ikae karibu au mbali na pinyoni, gia ndogo inayoizungusha krauni. Mwongozo unakupa idadi ya kuanzia tu. Kiwandani vipande havitoki sawasawa, ndiyo maana wanakuongezea.

Funga difu kwenye nyumba yake bila mafuta mengi na bila shafti. Zungusha pinyoni kwa vidole mzunguko kamili wa krauni, si wa pinyoni. Halafu shika pinyoni isiende, tikisa krauni mbele na nyuma. Unatafuta mchezo mdogo sana, ule wa kusikia kwa kidole kuliko kuuona kwa jicho, na mzunguko usiokwama popote. Mchezo ukiwa mkubwa, hamisha shimu moja ya 0.1 mm kutoka upande wa meno ya krauni kwenda upande wa mgongo wake, ili krauni isogee kwenye pinyoni. Ukiwa umebana, fanya kinyume. Ukihamisha badala ya kuongeza, jumla ya shimu haibadiliki na beringi hazibanwi.

Difu yenyewe isitembee kushoto na kulia ndani ya nyumba. Ikitembea, ongeza shimu upande unaofaa kabla ya kuhangaika na meno.

Kubana kupita kiasi kunapasha joto na kula betri. Kulegea kupita kiasi ni hatari zaidi: gari likitua kutoka kwenye ruko huku gesi imefunguliwa, meno yanarukana na unabaki na krauni yenye kipara upande mmoja. Nikilazimika kuchagua, nachagua iliyobana kidogo na kuiacha izoeane kwa betri moja ya mwendo wa pole. Kisha naipima tena.

Krauni na pinyoni zinapakwa grisi, hazimo ndani ya mafuta ya silikoni. Grisi inayong'ang'ania, kidogo tu kwenye meno. Ukijaza nyumba nzima inabeba vumbi lote linaloingia.

#6 Goroli

Mkuu Pinyoni umesema vizuri ila umetusahau sisi wa difu za goroli. Bagi za zamani za 2WD (zinazosukumwa na magurudumu mawili tu; 4WD ni yote manne), magari madogo ya 1/28 na baadhi ya magari ya lami bado wanazitumia. Naomba nichukue kipande hicho.

Difu ya goroli haina gia ndani. Kuna gia kuu ya plastiki yenye matundu, ndani ya kila tundu kuna goroli, na goroli hizo zinabanwa katikati ya pete mbili bapa za chuma. Pete zinashikwa na vikombe. Skrubu ndefu inapita katikati, upande mmoja ina beringi ndogo ya msukumo, upande wa pili springi na nati. Unavyokaza, pete zinabana goroli zaidi. Hakuna mafuta ya namba hapa, kipimo chako ni mkono na skrubu.

Sheria ya kwanza: difu ya goroli haitakiwi kuteleza. Kamwe. Goroli zinapaswa kubiringika kwenye pete, na zikiburuzwa zinachimba mfereji na difu imekwisha. Kinachotakiwa kuteleza ni klachi iliyo kati ya mota na difu, ndiyo kazi yake. Kwa hiyo klachi inalegezwa kuliko difu, siku zote. Kupima: shika gia kuu na gurudumu la kulia kwa nguvu, jaribu kulizungusha la kushoto. Likikubali kirahisi, kaza difu kabla hujawasha gari. Barabarani utaisikia, inatoa mlio mkali wa kubweka ukikanyaga ghafla. Ukisikia mlio huo simamisha gari, usimalize betri.

Grisi ni mbili na hazichanganywi. Kwenye goroli kubwa na pete, grisi ya silikoni nyepesi, ile isiyo na rangi. Kwenye beringi ya msukumo, grisi nyeusi yenye molibdeni. Beringi hiyo ndogo ndiyo inayokufa kwanza, kwa sababu inabeba mbano wote wa springi na hakuna anayeikumbuka. Difu ikiwa na mikwaruzo, tisa kwa kumi ni hiyo.

Kukaza: zungusha skrubu polepole huku ukizungusha vikombe, usikaze difu ikiwa imesimama. Ukifika mwisho wa springi, rudisha kama moja ya nane ya mzunguko. Kisha zoeza: shika gurudumu moja, mpe gesi ndogo sekunde chache, badilisha upande. Kaza tena kidogo, pima. Difu mpya hulegea kwenye mizunguko yake ya mwanzo, kwa hiyo usiache kuipima baada ya betri ya kwanza.

Pete zikiwa na alama nyepesi, zigeuze upande wa pili. Upande wa pili nao ukichoka, zisugue kwa msasa wa 600 uliowekwa juu ya kioo, kwa mzunguko wa nane, hadi alama ziondoke. Mfereji unaoingia ukucha haufai kusugua, tupa. Goroli za kabaidi au seramiki zinadumu kuliko za chuma cha kawaida, na ukibadilisha, badilisha zote. Goroli moja kubwa kuliko wenzake inabeba mzigo wa wote.

#7 Laki Moja

Mnazunguka sana wakuu. Mimi difu ya kati naweka laki moja, ya mbele elfu hamsini, nyuma elfu ishirini. Gari linavuta, tairi za mbele hazipandi puto, maisha yanaendelea. Hizo shimu na mizani ni kazi za watu wenye muda.

#8 Pinyoni

Mkuu Laki Moja, gari gani na unaendesha wapi? Hapo ndipo jibu lilipo.

#9 Laki Moja

Troki la 1/8, betri ya seli sita (6S). Nyasi, kokoto, kuruka.

#10 Pinyoni

Basi kwa gari lako namba hizo zina mantiki, na sikupingi. Wengine wasome kwa nini, wasije wakazinakili kwenye bagi ya mashindano.

Troki lenye nguvu nyingi na matairi makubwa, ukifungua gesi uzito unahamia nyuma. Matairi ya mbele yanakuwa mepesi, na difu ya kati yenye mafuta mepesi inapeleka mzunguko wote huko, ndipo yanapovimba. Mafuta mazito katikati yanakataa hilo. Gari linavuta kwa nguvu, na litainua pua zaidi, kwa sababu nyuma haipokonywi tena mzunguko wake. Gharama yake: ukitua huku matairi yanazunguka, hakuna kinachoteleza katikati, kishindo chote kinakwenda kwenye meno ya krauni. Kwa hiyo wewe mwenye laki moja ndiye unayezihitaji shimu kuliko sisi wote.

Kwenye bagi ya 1/8 ya njia ya udongo, watu wengi huanzia karibu na elfu saba mbele, elfu saba kati na elfu tatu nyuma. Ni mahali pa kuanzia tu. Kutoka hapo:

Mbele ikiwa nzito zaidi, gari linatulia unapoachia gesi na kuingia kona, linakata polepole, lakini ukirudisha gesi linajivuta kutoka vizuri. Ikiwa nyepesi, linaingia kona kwa njaa, kisha ukikanyaga linakosa mvuto wa mbele.

Kati nzito inafaa njia laini yenye mshiko. Njia ikiwa na matuta, nyepesi inasamehe zaidi.

Nyuma nyepesi inalipatia gari mshiko kwenye kona, kila gurudumu linajitegemea. Nyuma nzito inasaidia mvuto ukitoka, ila njia ikiteleza inatupa mkia ukiwa kwenye gesi. Hii ya nyuma ndiyo ninayoigusa kwa hofu zaidi, elfu moja tu unaisikia.

Na soma kipimo kwenye chupa. Namba hizi zote ni za sentistoki, kipimo cha mnato. Chupa zenye wt, kipimo kingine cha uzito wa mafuta, zina hesabu yake, na watengenezaji hawakubaliani, kwa hiyo usilinganishe chupa mbili za kampuni tofauti kwa wt.

#11 Vumbi Jekundu

Nina elfu tano na elfu kumi, nataka elfu saba na nusu. Nichanganye nusu kwa nusu?

#12 Pinyoni

Utapata karibu elfu saba, si elfu saba na mia tano. Mnato hauchanganyiki kwa wastani wa kawaida, unafuata logariti, kwa hiyo mafuta mepesi yana sauti kubwa kuliko unavyotarajia. Kwenye namba zilizo karibu tofauti haikuumizi. Zikiwa mbali inakupoteza: elfu moja na laki moja nusu kwa nusu zinakupa kitu cha karibu elfu kumi, wala si elfu hamsini. Pima kwa mizani, koroga polepole, acha hewa itoke.

Usiongeze mafuta ya injini wala grisi ya kawaida ili "kuyazidisha". Hayashikani na silikoni, na mpira wa oringi haupendi.

Halafu kuna joto. Mafuta yanayosomeka elfu kumi yanapimwa kwenye nyuzi 25. Difu ikifika 60, yamebaki takriban nusu ya mnato huo. Ndiyo maana gari linabadilika tabia betri ya tatu, na dereva anaanza kulaumu matairi.

#13 Mshale

Naomba msaada wakuu. Bagi 4WD ya 1/8. Nikiachia gesi kuingia kona, mkia unatoka, gari linageuka lote. Nimeambiwa nipunguze mafuta ya nyuma hadi elfu moja. Nimefanya hivyo, hakuna tofauti. Sasa nishuke tena au niweke tairi laini?

#14 Goroli

Linageuka ukiwa umeachia gesi au ukiwa umekanyaga? Jibu hilo kwanza.

#15 Mshale

Nimeachia. Nikikanyaga linatoka sawa, ila mbele halina nguvu kabisa, linapanua kona.

#16 Pinyoni

Mkuu, rudisha mafuta ya nyuma yalivyokuwa. Dalili zako zote mbili ni za mbele: linaingia kona kwa njaa ukiachia, halafu halivuti ukikanyaga. Hiyo ni difu ya mbele nyepesi mno. Uliweka ngapi mbele?

#17 Mshale

Elfu saba. Sijaigusa tangu nimenunua gari.

#18 Pinyoni

Elfu saba iliyoandikwa kwenye sanduku. Shika shafti ya mbele, zungusha gurudumu moja, utuambie.

#19 Mshale

Linazunguka lenyewe kama hakuna kitu! La nyuma ni zito kuliko hilo, na lina elfu moja. Kwenye kikombe cha kulia vumbi limeganda limelowa.

#20 Laki Moja

Haya, hapo nimekubali. Mizani sitanunua lakini oringi nimekagua, moja imepasuka.

#21 Mshale

Nimefungua ya mbele. Mafuta yamebaki chini kidogo tu, oringi ya kulia imekatwa upande mmoja. Nimeweka mpya, elfu saba, nimerudisha nyuma elfu tatu. Tatizo jipya: nimefunga kila kitu, nimewasha, magurudumu ya mbele yanazunguka kinyume na ya nyuma. Gari linatetemeka haliendi.

#22 Goroli

Umegeuza difu ya mbele. Krauni inatakiwa upande mwingine wa pinyoni. Itoe, igeuze kushoto iwe kulia, irudishe. Ukigeuza, pima tena mchezo wa meno, maana shimu nazo zimehama upande.

#23 Mshale

Imekubali. Gari limetulia, kona ile iliyokuwa inanishinda naingia bila kubana pumzi. Shukrani wakuu.

#24 Kijana wa Bagi

Kabla hatujaufunga uzi: magari ya kupanda mawe na ya drifti, nayo yanahitaji haya?

#25 Goroli

Ya kupanda mawe mengi yamefungwa difu kabisa, mbele na nyuma, kwa sababu tairi moja likining'inia hewani hutaki libebe mzunguko wote. Kuburuzwa kwa matairi kwenye kona si shida, mwendo ni wa konokono. Drifti nyuma inafungwa pia, matairi mawili yateleze pamoja. Magari ya lami ya 4WD mengi yanafungwa mbele na kuachiwa difu ya gia nyuma. Huko kazi yako ni beringi, pini na vikombe tu. Kagua vikombe mapema, difu iliyofungwa inavila haraka.

#26 Vumbi Jekundu

Na hivi vidogo vya 1/18? Changu kasha halina gasketi wala oringi, ni plastiki mbili zinazokutana na skrubu. Nikiweka mafuta, yako chini ya gari kabla sijafika kona ya kwanza.

#27 Pinyoni

Hicho hakikutengenezwa kwa mafuta, usikilazimishe. Tumia grisi nzito inayong'ang'ania. Paka gia zote na pini, jaza kama nusu ya kasha, funga. Ukitaka difu iwe ngumu zaidi, chagua grisi nzito zaidi badala ya kuongeza kiasi, kwa sababu ikijaa inatokea kwenye maungio na kuvuta vumbi hadi kwenye beringi.

Ukipenda, kata gasketi kwa karatasi ngumu ukifuata umbo la kasha, ilowanishe kwa grisi. Baadhi ya makasha yanakubali. Ila karatasi inaisogeza krauni mbali na kasha, yaani kuelekea kwenye pinyoni, kwa unene wake. Ukishaifunga, zungusha mzunguko mzima kwa mkono kabla hujaweka betri. Ikibana, toa shimu moja nyuma ya krauni, na kama haina shimu, toa karatasi.